Pumzi ya Kukorogea Halua

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko zote nilizojaaliwa, mwanangu, na si siku ya harusi yangu wala siku aliyozaliwa mtoto wangu wa kwanza. Ni alasiri moja ya kiangazi, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, nikauacha mwiko ndani ya sufuria ya halua nikatoka mbio. Sikukaa nje zaidi ya nusu saa. Nusu saa hiyo naiishi mpaka leo.

Kaa hapa karibu, tena kaa vizuri, usikae kama mtu anayesubiri gari. Nimekuona tangu ulipoingia. Unapumua juu juu, mabega yamekupanda, na kila simu ikilia unashtuka. Sikuulizi nani kakuudhi, maana ukianza kunieleza utaudhika upya. Nitakusimulia yangu, kisha utachukua la kuchukua.

Nimepika halua umri wangu wote, kwenye ua wa nyumba hii hii ya Mchangani. Kazi nilifunzwa na Ami Khalfani, mdogo wake baba, mtu mfupi, mpole, mwenye mikono iliyoungua samli mpaka viwikoni. Wewe halua unaijua ikishafika kwenye sahani pamoja na kahawa, hujui inavyopatikana. Wanga, sukari, maji, samli, iliki na zafarani huingia kwenye sufuria kubwa ya shaba, na tangu hapo mtu hukoroga saa mbili na zaidi bila kuacha. Ukiacha kidogo tu, inashika chini. Na halua ikishashika chini haina dawa, kwani ladha ya moshi hupanda mpaka juu, na mla halua wa mjini hapa anaijua hata ukimfumba macho.

Kijana yeyote mwenye misuli hudhani hiyo ni kazi ya mikono. Mimi pia nilidhani hivyo. Siku za mwanzo nilikuwa nikibana pumzi na kukoroga kwa nguvu zote, na kabla ya robo saa jasho limenitota, moyo unanienda mbio, nimekuwa hoi. Ami alikuwa akinitazama, anacheka, mpaka siku moja akanionea huruma akanifunza.

Mwiko ukija kwako, alinambia, vuta pumzi kwa pua, taratibu, mpaka tumbo lijae. Ukienda, ishushe, tena iwe ndefu kuliko ile uliyovuta. Yeye hakuhesabu moja, mbili. Alimtaja Mola kimoyomoyo, Ya Latifu, mara nne akivuta na mara sita akishusha, na ukimtazama midomo yake haichezi. Alikuwa na maradhi ya moyo tangu ujana, daktari alishampa dawa zake na alikuwa akizinywa, lakini alikoroga halua mpaka uzeeni. Akasema moyo haukubali kuamrishwa. Huwezi kuuambia tulia ukatulia. Lakini pumzi iko mikononi mwako, ukiituliza pumzi, moyo nao unaifuata wenyewe.

Nikayashika maneno yake. Ndani ya mwezi nilikuwa nakoroga saa mbili nzima huku naongea na watu. Kosa langu lilikuwa moja: niliyashika kwa ajili ya halua. Nikishatua mwiko na kunawa mikono, nilitoka ua huu na pumzi zangu zile zile za ovyo, nikidhani somo limebaki jikoni.

Wakati huo nilikuwa nimependa. Alikuwa binti wa Maalim mmoja wa Malindi, mtaa wa hapa hapa mjini, mtu wa heshima aliyesomesha watoto Kurani barazani kwake. Jina la huyo binti sitakutajia, na mbele utajua kwa nini. Walikaa ghorofa ya pili, na kama desturi ya nyumba zile, kitu kikiuzwa njiani kikapu hushushwa kwa kamba kutoka dirishani. Mimi nilikuwa nikipeleka halua kwa watu wa mtaa ule kila Ijumaa. Nilikuwa natia fungu lao kikapuni, kikapu kinapanda. Ijumaa moja kikashuka na maua ya asumini matatu ndani yake. Mwanangu, sikulala. Ijumaa nyingine, dirisha limefunguliwa upenyo tu, nikasikia sauti yake, ndogo lakini imenyooka.

"Wazee wako hawajui njia ya huku?"

Ni hayo tu aliyonambia, na kwa msichana wa nyumba ile yalikuwa mengi mno. Alikuwa kanikabidhi sitara yake. Nami nilielewa, nikaenda moja kwa moja kwa Ami, na wiki ile ile Ami akavaa kanzu yake nyeupe na joho akapeleka barua ya posa. Maalim aliipokea vizuri, akaomba siku kumi na nne ashauriane na jamaa zake, kama ilivyo kawaida ya watu.

Siku ya kumi na mbili tulikuwa tunapika halua ya harusi ya watu wengine. Ilikuwa alasiri, mwiko niko nao mimi, samli ndiyo kwanza inaanza kuingia. Abudu muuza kahawa akapita mlangoni na dele lake, akaniambia kwa kunitania kwamba amewaona wageni wa shamba, kutoka Mkokotoni, wako kwa Maalim, na wana sinia mbili zilizofunikwa. Mjini hapa hata mtoto anajua maana ya sinia zilizofunikwa kwenye nyumba yenye msichana. Ni vitu vinavyokwenda na posa.

Damu ilinichemka. Nikaanza kubana pumzi na kukoroga kwa nguvu, kama siku zangu za mwanzo. Ami alikuwa anaponda iliki. Aliniona.

"Ami, nnakwenda mara moja."

"Shusha pumzi kwanza," akasema. "Zungusha mwiko huo mara kumi, kama unavyojua. Ukimaliza ukiwa bado unataka kwenda, nenda, nitakushikia."

Mara kumi, mwanangu. Ni dakika mbili, ukizidisha sana ni tatu. Ningempa Ami dakika hizo mbili, leo nisingekuwa na kisa cha kukusimulia, ningekuwa na maisha mengine. Nikauacha mwiko ukisimama peke yake ndani ya halua, nikatoka.

Nilikimbia vichochoro vyote mpaka Malindi, nagonga watu mabega. Nilipofika nikawaona. Wazee wawili walikuwa kwenye kizingiti cha Maalim, kila mmoja kashika sinia yake, na Maalim mwenyewe kasimama ndani ya mlango. Barazani walikuwapo majirani wanapunga upepo. Kifua kinanitoka, pumzi sina, na mdomo ukanitangulia. Nikamwaga radhi pale njiani. Nikamuuliza Maalim kama alikuwa akinichezea, kama binti yake anapelekwa kwa mwenye sinia nzito zaidi. Nikawaambia wale wazee wa Mkokotoni wachukue takataka zao warudi kwao. Kisha nikafanya lile ambalo silisahau. Nikalitaja jina la yule binti kwa sauti kubwa, mbele ya wanaume wa mtaa mzima, nikasema, "Mwenyewe kanambia kwa mdomo wake kwamba ananitaka mimi."

Juu yetu nikasikia dirisha likifungwa, polepole, bila kishindo.

Wewe kijana wa leo pengine huoni ubaya wake. Lakini msichana aliyezungumza na mwanamume dirishani, siri ile ilikuwa ni heshima yake yote na ya wazazi wake. Aliniamini nayo. Mimi nikaitupa njiani kwa pumzi moja.

Maalim hakupandisha sauti. Alinitazama, nikaona macho yake yamelowa. Akanambia nitazame vizuri wale wageni wamesimama vipi. Hapo ndipo nilipoona. Mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu huupa uso mlango. Wazee wale walikuwa wameupa mgongo, viatu wameshavaa, na sinia zao zimefunikwa vile vile kama zilivyokuja. Sinia zilikuwa zinatoka. Maalim alikuwa amewakatalia, kwa sababu jibu alikwishaamua kunipa mimi, na siku mbili zilizobaki alizingoja tu ili zitimie zile kumi na nne alizoziomba.

"Nilikuwa nimekubali," akasema. "Lakini mtu aliyeshindwa kulihifadhi jina la mwanangu kwa umbali wa kutoka Mchangani mpaka hapa, nitamkabidhije mwanangu kwa maisha?"

Swali hilo nimetembea nalo miaka yote hii.

Nikarudi nikijikokota. Ua ulikuwa umejaa moshi. Ami alikuwa ameushika mwiko peke yake muda wote ule na moyo wake ule, lakini kabla hajaufikia, halua ilikuwa imekwisha kushika chini. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mkono kifuani, anavuta na kushusha, anavuta na kushusha, uso umemsawijika. Nilidhani namuua ami yangu siku hiyo hiyo. Nikapiga magoti mbele yake. Hakunikaripia. Alinishika kiganja akakiweka kwenye kifua chake, akanifanya nipumue naye, mpaka moyo wangu uliokuwa ukidunda kama utatoka ukaanza kwenda na wake. Ndipo nikalia. Nililia vibaya, na yeye akaniacha nilie, akasema tu kwamba pumzi ya kulia nayo ni ndefu ya kushuka, isizuiwe. Kisha, maana halua ya watu ilikuwa inangojwa, akaniambia nisugue sufuria tuanze upya.

Baada ya mwezi tukasikia habari. Mmoja wa wale wazee wa Mkokotoni niliowatukana, baba wa kijana aliyekataliwa, alirudi kwa Maalim na sinia zile zile. Maneno yalikuwa yameshaenea mjini, majirani wanasema hili na lile juu ya binti asiye na kosa, na mzee yule akaona aje awasitiri wenziwe. Maalim akakubali. Na halua ya harusi, kwa kuwa hakukuwa na mpishi mwingine aliyemwamini, akaja kuagiza kwa Ami.

Ami aliniambia niende shamba siku hiyo nikapumzike. Nikamwambia nitaikoroga mimi.

Sijui nikuelezeje saa mbili zile. Kila mwiko ulipokuja kwangu nilikuwa navuta harufu ya iliki na zafarani na kujua inakwenda kuliwa wapi. Kila nikitaka kubana pumzi, kifua kinakaza na macho yanajaa, na kila nikiishusha, naona naweza kuzungusha mara moja zaidi. Basi nikawa naomba mzunguko mmoja tu. Sikuomba kusahau, niliomba mzunguko mmoja, kisha mwingine, mpaka halua ikaanza kubanduka kwenye sufuria na samli kujitenga, ndiyo alama kwamba imeiva. Ami akachota kidogo kwa ncha ya kijiko, akaonja, akafumba macho. Akasema katika umri wake hajapata kuonja kama ile. Ikatiwa vikapuni ikaenda Malindi, na siku ya pili bibi harusi akaenda zake Mkokotoni, asinione wala nisimwone.

Miaka ikapita. Ami akatangulia mbele ya haki, akiwa mzee kamili, usingizini. Mimi nikaoa mwanamke mwema, Mungu amrehemu, tukazaa, tukacheka sana, na sijapata kumpandishia sauti hata siku moja. Watu wakasema nina bahati ya kuzaliwa mpole. Hata Mkokotoni sijakanyaga, ingawa ni mwendo wa asubuhi tu, na nyanya za huko na samaki wake nimevila vya kutosha hapa sokoni Darajani. Kuna jioni, nikisikia harufu ya asumini kwenye nywele za wanawake wanaokwenda harusini, nalazimika kutafuta mahali nikae.

Mwaka jana presha ikanipanda, nikapelekwa hospitali. Kijana mmoja muuguzi, binti mdogo mwenye miwani, akanifunga mkanda wa kupimia, akatikisa kichwa. Akanambia mzee tulia, nikufunze kitu. Vuta pumzi kwa pua, hesabu nne, sasa shusha, hesabu sita. Nikamtazama nikacheka mpaka akadhani nimechanganyikiwa. Nikafanya kama alivyosema, akapima tena, imeshuka kidogo. Akaniuliza nimejifunzia wapi, maana wagonjwa wengine inawachukua siku nyingi. Nikamwambia nimefunzwa na sufuria. Akanisisitizia kwamba pumzi haziwi badala ya vidonge, na mimi nikamwambia ami yangu naye hakuacha kunywa dawa zake.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikuite ukae hapa.

Juma lililopita aliingia uani mwanamke wa makamo, kavaa buibui, ananiamkia shikamoo kwa adabu zote. Amekuja kuagiza halua ya harusi ya binti yake, kutoka Mkokotoni. Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, huko kwenu hakuna wapishi? Akatabasamu.

"Wako, Mzee. Lakini mama hataki nyingine. Halua ya harusi yake ilitoka kwenye ua huu, na tangu hapo kila sikukuu anamwagiza mtu mjini amchukulie ya hapa hapa. Sisi tumekulia hii."

Mkono wangu ulikuwa kwenye mwiko. Sikuacha kukoroga. Nikamuuliza huyo mama yake ni mzima. Akasema mzima, miguu tu inamsumbua. Na anasema maneno ya ajabu, akaendelea, huku anacheka. Kila akiionja hutulia kwanza, kisha husema mpishi wake keshapona hasira.

Mwanangu, zaidi ya miaka hamsini nimeishi nikitamani kumwambia yule mwanamke maneno mawili ya kuomba radhi, na sikuthubutu kumsogelea nisije nikamharibia tena. Kumbe kila Idi alikuwa akinisikia. Kila halua niliyoikoroga kwa pumzi ndefu ilikuwa imemfikia, na alikuwa amenijibu, huko huko kwake, mbele ya watoto wake, bila kunitaja.

Yule mwanamke akaniuliza, kwa ukarimu wa watu wa kule, kama nina salamu zozote ampelekee mama. Jina likanipanda. Lilifika hapa, kwenye ulimi, lile lile nililolipigia kelele njiani. Moyo ulinidunda nikadhani nitamwita muuguzi wangu. Mwiko ukaja kwangu, nikavuta, Ya Latifu, mara nne. Mwiko ukaenda, nikashusha, mara sita. Na jina likashuka na pumzi bila sauti.

"Mwambie," nikasema, "halua itakuwa tayari Alhamisi."

Akaitikia, akaaga, akaenda zake.

Basi hayo ndiyo ninayotaka uyachukue. Kifua kikikubana, usiseme na usitende kwanza. Siku hizi huna haja hata ya kukimbia mpaka Malindi, simu unayo mkononi, na kidole chako kina mbio kuliko miguu yangu ya ujanani. Iweke chini. Vuta pumzi kwa pua polepole mpaka tumbo lijae, kisha ishushe ndefu zaidi, mara kumi, ukimtaja Mola wako. Usiibane, na ukiona kizunguzungu acha, upumue kawaida. Tena usingoje mpaka uudhike, kwa sababu aliyengoja mpaka audhike ni mimi. Izoee asubuhi baada ya sala, izoee ukitembea, ukiosha vyombo, ukisubiri gari, ili siku ya siku ikukute unaijua. Ukiambiwa una presha, meza dawa zako, na kifua kikikuuma kweli kimbilia kwa daktari, si kwangu. Na ukiwa umekwisha kosea, kama nilivyokosea mimi, usikate tamaa na kazi ya mikono yako. Ifanye kwa utulivu mwaka baada ya mwaka, huenda yupo anayeionja.

Haya, mwiko huu hapa niliokuwa nikikorogea tangu uingie, nishikie nikaswali. Halua hii ni ya watu wa Mkokotoni, na Alhamisi yenyewe ni leo. Mwenyezi Mungu akupe moyo mtulivu na pumzi ndefu, akuwekee unaowapenda na majina yao salama kinywani mwako, na akuepushe na nusu saa kama yangu.